Mvinyo wa Izigo kwa Kinywa Kitupu

Jumamosi, 2 Novemba

Kundi letu la waonja mvinyo tumekutana kwa Daktari Anatoli, Rwamishenye, kama kila mwezi. Hakuna chupa nitakayoikumbuka wiki ijayo. Nyekundu za Afrika Kusini, nyeupe ya Dodoma, na moja ya mananasi kutoka ng'ambo ya mpaka, ambayo Jesca, wakili wetu, aliileta kwa utani kisha akaona aibu pale ambapo hakuna aliyecheka.

Mwezi ujao tunachagua. Kila mmoja ataleta chupa aliyoigundua mwaka huu na kuitetea mbele ya wenzake. Itakayoshinda, Ta Deusi ataiweka kwenye meza za hoteli yake mwaka mzima. Tulijiwekea kanuni hiyo tulipoanza, na ndiyo inayotufanya tujichukulie kwa uzito kuliko tunavyostahili. Mpaka sasa zimeshinda chupa za mbali tu, karibu zote tamu. Daktari huleta nyekundu yake ya bei mbaya kila mwaka, hushindwa kila mwaka, na hulalamika hadi Pasaka.

Ta Deusi amesema tena kwamba wageni wake hawasafiri hadi Bukoba kuja kunywa matunda. Jesca akamwambia, "Zabibu nazo ni matunda, Ta Deusi." Akajibu kwamba wakili hata akilewa hukata rufaa.

Mimi sina chupa. Nafundisha kemia ya vyakula, naweza kueleza kwa saa nzima kwa nini mvinyo fulani ni mzuri, lakini mwaka huu sijagundua hata mmoja. Inaniudhi kuliko ninavyokiri mbele yao.

Mvua. Karatasi za wanafunzi bado zipo mezani.

Jumapili, 10 Novemba

Izigo. Kipaimara cha binti wa mwenzangu wa idarani. Ibada ndefu, kwaya nzuri, ndizi, samaki, senene wa kwanza wa msimu. Baada ya chakula mwenzangu akanipeleka kwa jirani yake, Ma Adelina, mkunga mstaafu. Alitutolea kahawa kwanza, zile punje kavu za kutafuna, katika kikapu kidogo cha mkono. Tukatafuna, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akaleta glasi.

Mvinyo wa ndizi. Nilijiandaa kuwa mpole. Haikuhitajika.

Rangi ya jani kavu la mgomba, safi, bila ukungu. Moshi kwa mbali, kwa sababu ndizi zake huivia darini, juu ya jiko. Laini, wenye uzito, na utamu unaochelewa kufika kisha unakaa. Sijawahi kunywa kitu cha namna hii kilichotengenezwa upande huu wa ziwa. Nimesita kuandika sentensi hiyo. Naiacha ilivyo.

Nilimuuliza mengi. Ndizi ni zake, embile, zile za pombe. Hukamuliwa kwenye obwato, mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, na maji yake hukaa ndani ya madumu ya kioo zaidi ya mwaka. Wapika rubisi, pombe ya ndizi, hupita kila mara kuzitaka ndizi hizo. Wanawe wanamwambia aziuze apumzike. Wazee wa usharika wanamuuliza, kwa upole, kama kazi hiyo inamfaa mama wa kanisa. Ameamua: mvinyo huu usipopata mahali nje ya sebule yake mwaka huu, ndio wa mwisho. Alisema bila kunung'unika, kama mtu anayetaja siku ya kuhama.

Nikamweleza habari za kundi letu na meza za Ta Deusi. Nikasema utashinda. Sikupaswa kusema hivyo.

Nimerudi mjini na chupa zake nimezipakata njia nzima.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefungua moja baada ya kazi. Mkavu, mkali, mwepesi. Unaisha kabla sijauelewa. Pengine umetikiswa na barabara. Nimeufunga.

Jumamosi, 16 Novemba

Chupa ya pili. Niliiacha itulie, nikaipoza kidogo, nikasuuza glasi kwa maji matupu. Hali ni ile ile. Ukali unakwaruza pembeni mwa ulimi, na katikati hakuna kitu. Moshi upo. Mengine yote niliyoandika Jumapili hayapo.

Labda alininywesha kutoka dumu moja na kunijazia chupa kutoka jingine. Siamini, nilisimama pale akijaza. Labda nilikuwa nimeshiba na kufurahi. Labda nilimpenda mwenyeji, na sifa zake nikazihamishia kwenye glasi. Hilo la mwisho linaniaibisha kwa sababu linawezekana kabisa. Ninawaambia wanafunzi kwamba jaribio lisilorudiwa ni hadithi tu. Nimerudia. Imebaki hadithi.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeelewa. Au nadhani nimeelewa, jambo ambalo kwangu si mara zote ni lile lile.

Wifi alipita mchana akitoka hospitalini kumwona mgonjwa. Nilimtolea kahawa, nikatafuna pamoja naye. Alipoondoka niliiona ile chupa ya Jumamosi kwenye friji, nikamimina kidogo ili niikatie tamaa rasmi. Mvinyo wa Izigo ukarudi. Uzito, ulaini, ule utamu unaochelewa. Wote.

Ni kahawa. Uchungu wa punje ukishatanda kinywani, ukali wa mvinyo unazama, na utamu mdogo uliokuwa umefichwa unapanda juu. Mtu wa kazi yangu alipaswa kulijua hili hata usingizini. Nimelijaribu upya kwa subira: maji, kipande cha mkate, kusubiri, mvinyo, kisha kahawa, na mvinyo tena. Halafu nikafungua nyekundu ya Afrika Kusini niliyokuwa nimeiweka. Kwa kinywa kitupu ni nzuri, imetulia. Baada ya kahawa ni kama kulamba kitasa.

Ndipo nikakaa chini. Katika nyumba zetu zote, mgeni hapewi kinywaji kabla hajapewa cha kutafuna. Kwa Daktari kikapu kipo mlangoni. Kwa Ta Deusi kipo mapokezi. Kwangu kipo pale kwenye kabati. Miaka yote tumekuwa tukihukumu mvinyo kwa vinywa vilivyojaa kahawa, na kujiita wajuzi. Ule mweupe mtamu tulioupigia makofi mwaka juzi. Nyekundu za Daktari, maskini. Kahawa ilikuwa imepiga kura kabla yetu.

Sasa hesabu ni nyepesi, na siipendi. Nikinyamaza, kikapu kitapita kama kawaida, na Ma Adelina atashinda. Nikisema, atashindwa.

Alhamisi, 21 Novemba

Nilimweleza Jesca wakati wa chakula cha mchana. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole, akasema, "Koku, nyamaza ushinde. Nani alikuomba kinywa kitupu?"

Hoja yake si ya kijinga. Anasema mvinyo huu umetengenezwa na Mhaya kwa kinywa cha Mhaya, na hicho ninachokiita kinywa kitupu ni desturi ya watu ambao hawana kahawa ya kutafuna. Maji na mkate ni kipimo cha nani? Nimelitafuta jibu tangu hapo, darasani na ofisini.

Lakini nawaza meza za Ta Deusi. Mgeni ametoka safari, ameagiza glasi, hajatafuna chochote. Anakunywa, anakunja uso, anaiacha. Wa pili hivyo hivyo. Baada ya muda Ta Deusi anaziondoa chupa kimya kimya, na Ma Adelina anaanguka kutoka mahali ambapo mimi ndiye niliyempandisha.

Je, nawaza hivi kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa napenda kujiona mwaminifu? Sijui. Nataka ashinde. Naandika wazi ili baadaye nisijidai kwamba sikutaka.

Vyovyote iwavyo, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Mvinyo ni wake.

Jumamosi, 23 Novemba

Izigo tena. Siku ngumu.

Nilimkuta Ma Adelina akipalilia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimepanga maneno, na yote yakanitoka vibaya. Alinitazama bila kuelewa. Nikamuuliza huwa anaonja mvinyo wake saa ngapi, na anakuwa amekula nini. Akacheka. Hana saa. Ila punje ya kahawa haitoki shavuni mwake tangu enzi za zamu za wodini, isipokuwa akiwa kanisani au amelala. Hata pale alikuwa nayo.

Basi hata yeye. Katika kazi yote hii, mwenye mvinyo hajawahi kuunywa.

Nilimwomba asuuze kinywa, tusubiri. Tulikaa kwenye benchi. Mvua ilianza ikaghairi. Kisha nikammiminia. Alikunywa, akauzungusha mvinyo kinywani, akaumeza kwa adabu, kama mgeni katika nyumba ya watu.

"Huu nani ameutengeneza?"

Akanywa tena. Nilimwona akiutafuta mvinyo wake na kuukosa.

Hasira ikamjia, na haikuwa ndogo. "Na wewe ulikaa hapo hapo ukasifu, mwalimu mzima wa chuo."

Nilikubali. Akaendelea kwamba si mimi tu. Mchungaji alisifu, wakwe walisifu, jirani alisifu na kuongezewa. Nani angemwambia mama aliyekukaribisha kwake kwamba kinywaji chake ni kikali? "Kila mtu ni 'mzuri, waitu, mzuri sana'. Ningejuaje?"

Nilimweleza uamuzi ulio mbele yetu. Nikamwambia hoja ya Jesca pia, bila kuipunguza nguvu, na kwamba nikinyamaza atashinda. Nilitamani aniambie ninyamaze. Ingekuwa amri yake, si udhaifu wangu.

Hakuniambia hivyo. Alisema nipeleke chupa, na niseme yote. "Sitaki wanisifu halafu waache glasi mezani."

Hakunisindikiza mpaka barabarani kama mara ya kwanza. Nilistahili.

Jumapili, 1 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimeandika maneno ya utetezi, nimeyafuta, nimeyaandika upya. Kila nikimtetea naona nadanganya kidogo, na kila nikisema ukweli mtupu naona namsaliti. Mwisho nimechana karatasi. Nitakwenda na chupa, maji, mkate na kahawa. Wataonja mara mbili. Hayo ndiyo maelezo yangu yote.

Jesca amepiga simu kuuliza kama nimepona. Nimemwambia sijaumwa. "Basi hali ni mbaya zaidi," akasema.

Jumamosi, 7 Desemba

Hoteli kwa Ta Deusi, ukumbi mdogo unaotazama ziwa. Nimerudi sasa hivi, na naandika kabla sijaanza kuyapamba.

Niliomba kusema kabla kikapu hakijapita. Nilieleza niliyoyaona nyumbani kwangu, nikaongeza kwamba naweza kuwa nimekosea, na kwamba njia ya kujua ni kuonja kila chupa mara mbili, vinywa vitupu kwanza, kisha baada ya kahawa. Kisha Daktari Anatoli akaweka mikono mezani.

"Kwa hiyo miaka yote mmekuwa mkinionea."

Walicheka wote isipokuwa Ta Deusi. Yeye aliumia, na sikuwa nimelitazamia hilo. Aliuliza kama nataka awapokee watu nyumbani mwake kwa maji, kama wafungwa. Nikamwambia kahawa itakuja, Ta Deusi, haikataliwi, inacheleweshwa tu. Alinung'unika, lakini kikapu kikawekwa kando.

Chupa zilifungwa kwenye magazeti. Mzunguko wa kwanza, wa Izigo ulikuwa wa mwisho, mbali na wengine. Hawakujua ni wa nani, kwa hiyo hawakuwa na huruma. Daktari alisema ni mkali kama muuguzi wa zamu anayekaribia kustaafu. Ta Deusi alisema ungefaa kwenye kachumbari. Jesca, aliyeutambua kwa moshi, aliniangalia, kisha akasema kwamba mbele unaahidi na nyuma hauna kitu. Nilijilazimisha kuyakumbuka maneno yao kama yalivyo.

Kisha kahawa. Tukatafuna taratibu, na mzunguko wa pili ukaanza. Ukafika wa Izigo. Ta Deusi alisogeza glasi yake mbele aongezewe, na hakuuliza ni chupa ipi. Nyekundu ya Daktari waliisukuma kando, hata mwenyewe.

Nilikuwa sahihi. Hakuna furaha niliyoipata kwa kuwa sahihi.

Mabishano yalikuwa marefu. Jesca alitetea Izigo kama mteja wake: weka kikapu mezani pamoja na chupa, wageni wafundishwe. Ta Deusi alimsikiliza kwa makini, kuliko nilivyotarajia. Mwisho akasema mgeni wake huja na vumbi na kiu, na hawezi kumpa masharti kabla ya glasi. Ni kweli. Ingekuwa mimi mwenye hoteli ningesema hivyo hivyo. Tukapiga kura kwa mzunguko wa kwanza. Nyekundu ya Daktari imeshinda, na sasa atatamba hadi Pasaka. Izigo ulipata kura ya Jesca na yangu. Yangu sina hakika kama ilikuwa ya haki.

Ma Adelina ameshindwa, na ni kwa mdomo wangu. Naumia. Ningesema tena.

Jumapili, 8 Desemba

Nilimsubiri Ma Adelina nje ya kanisa, Izigo, mpaka ibada ilipoisha. Aliona uso wangu akajua. Tulitembea hadi kwake bila haraka. Hakutoa kahawa. Alileta maji katika vikombe vya bati, akaketi, akasema nianze kwa Daktari.

Sikuelewa. Alitaka kila mtu na maneno yake. Nani alisema nini kabla ya kahawa, nani alisema nini baada. Nilipoanza kulainisha alinikatiza. "Usiniwekee sukari. Nimezalisha wanawake wa kata nzima, najua kusikia." Kwa hiyo nikampa yote, pamoja na zamu ya muuguzi, pamoja na kachumbari. Kwa kachumbari alitabasamu upande mmoja. Kwa maneno ya Jesca aliniomba niyarudie.

Mbele unaahidi na nyuma hauna kitu. Alisema hilo ndilo alilohisi siku ile kwenye benchi, na hakuwa na maneno yake.

Kisha ikaanza kazi ambayo sikuitegemea. Aliuliza ukali unatoka wapi. Nikamwambia ninavyodhani: ndizi huenda zinakamuliwa kabla sukari haijakamilika, na mvinyo unakaa mno juu ya machicha yake. Nilisema ninavyodhani mara nyingi, mpaka akachoka nalo. Naye akaeleza kwamba huwahi kukamua kwa sababu ndizi zikiiva sana wapika rubisi huanza kubisha hodi, na hapendi kuwakatalia watu mlangoni. Hilo kemia yangu haikuwa nalo. Tukabishana kuhusu machicha. Anaamini ndiyo yanayoleta uzito. Huenda ana haki nusu.

Sikuthubutu kuuliza kama huu ni wa mwisho. Nilikuwa naondoka alipotazama juu, kwenye dari la jiko, akasema mikungu iliyopo pale amewakatalia watu wa rubisi asubuhi hii, kabla ya ibada. Kabla hajajua matokeo.

Nimefikiria hilo njia nzima. Nilidhani hatima yake ilikuwa mikononi mwangu. Ilikuwa mikononi mwangu kidogo tu.

Jumamosi, 21 Desemba

Chuo kimefungwa. Izigo, tangu asubuhi.

Obwato imeoshwa, imeinamishwa ukutani ikauke. Majani ya kukamulia yamekatwa. Ma Adelina hakuwa na kitu shavuni. Anasema asubuhi ndizo mbaya zaidi, anakuwa mkali kwa kuku.

Tulishusha ndizi chache kutoka darini. Ganda lilikuwa limeanza kuwa jeusi, na jiko zima lilinukia. Tukasuuza vinywa, tukamenya, tukala polepole, kila mtu akitazama upande wake.

Mimi nikasema tayari. Yeye akasema bado.

Nilianza kueleza kwa nini, nikafika katikati nikaona sina uhakika wa kutosha. Yeye naye hakueleza. Alionja kipande kingine, akatikisa kichwa, si kwa ukaidi, kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Tukazirudisha juu ya jiko, akapanga mkungu mmoja mmoja, akafunika na majani.

Akaniuliza kama nina haraka. Sikuwa nayo. Akanionyesha mahali pa kukaa.